Kulabu ya Kumi na Moja

Juu ya ukuta wa kusini wa kanisa la Mtakatifu Osmundi, pale Marlcombe, kuna kulabu kumi na moja za chuma, na kumi zimebeba mataji. Si mataji ya dhahabu, la hasha. Ni fito zilizopindwa na kuvishwa maua ya karatasi nyeupe, ambayo kwa miaka mingi imegeuka rangi ya chai. Kila taji linaning'iniza glavu tano za karatasi, na juu yake kuna kibao chenye jina la msichana na umri wake. Kulabu ya kumi na moja, iliyo karibu na mlango, haina taji wala kibao. Dorcas Yalden alipokuwa mtoto alimwuliza baba yake mbona ile iko tupu, naye akamjibu kwamba taji lake lililiwa na panya. Dorcas aliishi na panya hao kwa miaka sitini bila kuwatilia shaka.

Angewatiliaje shaka, na aliyemwambia ni mshika funguo? Akina Yalden walishika funguo za kanisa hilo tangu enzi za baba wa babu yake. Walifungua asubuhi, wakafunga jioni, wakapangusa vumbi, wakafukuza popo, na kasisi alipokuja au kuondoka, wao walibaki. Baba alipofariki, funguo zilimwangukia Dorcas kama vile rangi ya macho inavyomwangukia mtu, bila kuulizwa. Alizitundika jikoni kwake, katika nyumba ndogo ya mawe ya gumegume iliyo langoni mwa kanisa, mahali alipozaliwa na alipotarajia kufia.

Na ile desturi ya mataji, naye alilelewa nayo. Msichana akifa kabla ya kuolewa, wenzake wawili waliovaa nyeupe walibeba taji mbele ya jeneza. Kisha lilitundikwa karibu na madhabahu kwa Jumapili tatu. Glavu zile, kama zile ambazo mashujaa wa kale walitupiana kuitana vitani, zilikuwa zimetupwa usoni mwa kijiji kizima: mwenye neno dhidi ya usafi wa marehemu na asimame aseme. Asiposimama mtu, Jumapili ya tatu taji lilihamishiwa kwenye kulabu yake na kukaa hapo mpaka lioze lenyewe. Wavulana hawakuwa na taji. Mvulana wa Marlcombe aliweza kuzunguka na nusu ya mabinti wa bonde lote, akaanguka kutoka juu ya farasi akiwa chakari, akazikwa kwa nyimbo, na hapana aliyetundika karatasi kuuliza usiku wa jana alilala wapi.

Hayo Dorcas hakuwahi kuyawaza. Mataji aliyapangusa vumbi tu, taratibu, kwa unyoya.

Mwaka huo kanisa lilikuwa linatimiza miaka mia nane, na Bwana Clement Harbin akajitolea kuandika kijitabu cha historia yake, kiuzwe siku ya sikukuu mwezi wa Julai. Bwana Harbin alikuwa wakili mstaafu aliyehamia kutoka London miaka tisa iliyopita, na kwa hesabu za Marlcombe miaka tisa ni juzi. Hata hivyo alikuwa mtu wa kujituma. Ndiye aliyebadilisha balbu zilipoungua na ndiye aliyesoma masomo kwa sauti ya kueleweka. Asubuhi moja ya Juni alimletea Dorcas kurasa zake jikoni ili azipitie, maana, alisema, hakuna anayelijua kanisa hili kama Bi Yalden.

Dorcas aliweka birika motoni, akavaa miwani, akasoma. Mnara ulijengwa lini, kengele zilitoka wapi, askari gani walivunja sanamu gani. Kijana Everard Stukeley, mtoto wa kasisi wa karne ya kumi na tisa, aliyekufia ughaibuni akiwa na miaka ishirini na sita na kukumbukwa kwa dirisha zuri la vioo vya rangi, alipewa kurasa mbili nzima. Mataji yalipewa ukurasa mmoja. Mwishoni mwa ukurasa huo palikuwa na sentensi hii: kulabu ya kumi na moja ilikuwa ya Tabitha Noyce, aliyekufa mwaka 1871, ambaye taji lake liliteremshwa kwa kuwa ilijulikana kwamba mwenendo wake haukuwa mwema.

Kikombe kilibaki hewani. Jina Noyce lilikuwa limesalia kwa mtu mmoja tu Marlcombe: Len, mzee wa miaka sabini aliyekata nyasi za makaburini na kuzibua mifereji ya paa la kanisa. Len hakuwahi kuvuka kizingiti cha kanisa hilo. Baba yake hakuwahi, babu yake hakuwahi. Ngazi yake ndiyo pekee iliyofika juu kijijini, na balbu ilipoungua aliibeba mpaka kibarazani, akamkabidhi aliye ndani, kisha akakaa nje kuisubiri, mvua au jua. Watu walimtania kwamba akiingia paa litamwangukia. Len naye alijibu kwamba paa hilo analijua kuliko wao, na lingemwangukia yeyote.

"Ilijulikana na nani?" Dorcas aliuliza.

"Kitabu cha kanisa kimeandika," alisema Bwana Harbin.

"Kitabu hakina macho, Bwana Harbin. Nakuuliza, nani alijua?"

Bwana Harbin alivua miwani, akaifuta kwa tai. Alisema kwamba mambo hayo ni ya kale, kwamba watu wa zamani walikuwa na mizani yao, na kwamba lisemwalo lipo. Mwisho akamshauri, kwa upole mwingi, asijisumbue kufungua kitabu chenyewe. Upole huo ndio uliomtia Dorcas mashaka. Mtu akikwambia usiangalie nyuma ya mlango, ujue nyuma ya mlango kuna kitu.

Bwana Harbin alipoondoka tu, Dorcas alichukua funguo tatu za kasha la kanisa, zilezile alizomwazima alipokuwa akiandika. Zamani zilishikwa na watu watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Lakini siku hizi kasisi mmoja anahudumia parokia sita na hana pa kuziweka, basi zote zilikuwa kwenye msumari mmoja jikoni kwa Yalden. Alipiga magoti sakafuni mbele ya kasha lile la mwaloni, akafungua kufuli moja baada ya nyingine, akatoa kitabu cha mwaka 1871.

Mwandiko aliutambua kabla hajasoma neno. Ulikuwa mwandiko wa Biblia ya nyumbani kwao, ule uliorekodi vizazi na vifo vya akina Yalden kwa herufi zilizolala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Job Yalden, baba wa babu yake, ndiye aliyekuwa karani wa kanisa.

*Jumapili ya tatu. Taji la Tabitha Noyce, miaka kumi na tisa, aliyefariki kwa homa. Limepingwa. Mpingaji: Job Yalden, karani, aliyemshuhudia marehemu akitoka katika zizi la kasisi alfajiri, mara tatu. Taji limeteremshwa na kuchomwa.*

Dorcas alisoma mara mbili. Hapakuandikwa alikuwa zizini na nani. Hebu fikiria: msichana anatoka kwenye zizi la farasi mara tatu alfajiri, na karani mzima, mwenye macho ya kuona gizani, hakuona mtu mwingine. Ama farasi ndiye aliyekuwa mchumba? Akafunua ukurasa. Wiki mbili baadaye, kwa mwandiko uleule, kijana Everard Stukeley alikuwa amesafiri kwenda Ceylon kwa ajili ya mapafu yake. Mwezi uliofuata, nyumba ya langoni ilitolewa na Kasisi Stukeley kwa karani Job Yalden, yeye na wazao wake, kwa utumishi mwaminifu.

Alikaa palepale sakafuni. Baridi ya mawe ilimpanda magotini lakini hakuihisi. Mbele yake Everard Stukeley, wa kioo cha buluu na chekundu, alikuwa amepiga magoti kati ya mayungiyungi, na chini yake maandishi ya dhahabu: *Heri wenye moyo safi*. Ukingo wa dirisha lile Dorcas aliupangusa kila Jumamosi kwa miaka arobaini. Aliwahi hata kumwonea huruma, masikini, kufia mbali na kwao. Sasa alitamani kuchukua jiwe.

Alimkuta Bwana Harbin bustanini kwake, akikata waridi zilizonyauka. Hakumsalimu. Alimwuliza kama aliona jina la mpingaji. Bwana Harbin alisema ndiyo, aliliona. Alimwuliza kama aliona habari ya nyumba. Ndiyo, aliiona pia.

"Na mbona haimo kwenye kijitabu?"

"Nilikustahi, Bi Yalden. Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu."

"Ukaona bora umwaibishe yeye."

Bwana Harbin alitazama mkasi wake. "Hakuna Noyce hata mmoja anayekuja kanisani," alisema. "Niliona hakuna atakayeumia."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomkera Dorcas kupita kiasi. Angekuwa mwovu, angemtukana na kwenda zake. Huyu alikuwa mtu mwema, mwenye adabu, aliyepima aibu kama mtu anavyogawa keki: kipande kwa asiyekuwepo mezani. Bwana Harbin alipoona uso wake alijaribu kurekebisha. Basi afute aya yote, alisema. Aandike tu kwamba kulabu moja ni tupu. Yaishe.

"Kufuta ndiko mlikoanzia," Dorcas alimwambia. "Taji mlilichoma. Sasa mnataka kuchoma na majivu."

Alipokuwa njiani kurudi ndipo alipogundua kwamba alisema *mli-*, kana kwamba yeye hakuwemo. Alisimama katikati ya njia. Pale mbele ilikuwa nyumba yake, na geti lake la kijani, na mashuka yake kwenye kamba. Kila tofali la bomba la moshi lilikuwa limelipiwa na mdomo wa Job.

Siku mbili hakumwambia mtu. Siku ya tatu, mchana, alimfuata Len, aliyekuwa ameketi juu ya ukuta wa makaburini akila mkate na jibini, mashine ya kukata nyasi ikipoa pembeni. Alimwambia yote bila kupunguza: zizi, Jumapili ya tatu, mwandiko, nyumba. Len alitafuna polepole hadi alipomaliza.

"Bibi yangu alikuwa akisema, sisi hatuingii mpaka tuitwe," alisema. "Nikimwuliza tuitwe na nani, ananiambia nyamaza ule. Nadhani hata yeye alikuwa hajui."

Dorcas alisema kwamba atatengeneza taji jipya. Alikwisha kulipanga kichwani. Alisema Job alinunuliwa, na shahidi aliyenunuliwa si shahidi, kwa hiyo Tabitha alisingiziwa, alikuwa msafi kama wale kumi, na yeye Dorcas atasimama alithibitishe hilo mbele ya kila mtu. Maneno yalimtoka kwa haraka. Len alikunja karatasi ya mkate wake mara nne.

"Na kama ni kweli, Bi Dorcas?"

"Kweli nini?"

"Kama kweli alitoka zizini. Mara tatu, mara thelathini. Taji ungelitundika?"

Len hakungoja jibu. Aliteremka ukutani kwa shida ya magoti, akavuta kamba ya mashine, na kelele yake ikafunika kila kitu.

Swali hilo lilikaa naye. Lilikaa naye akikata fito za taji ukingoni mwa mto, likakaa naye akikunja waridi za karatasi kwenye meza ya jikoni chini ya msumari wa funguo. Alikuwa amekasirika kwa wiki nzima, na hasira ile aliipenda, ilimpa nguvu miguuni. Lakini ilikuwa hasira ya kipimo kilekile. Alikuwa tayari kumpigania Tabitha kwa sharti kwamba awe msafi. Na huo usafi angeupima nani, kama si Yalden mwingine, mwenye macho yaleyale ya alfajiri? Aliwafikiria wale kumi waliopita salama. Labda nao walikuwa na mazizi yao. Labda walipata tu Jumapili tatu ambazo hakuna aliyehitaji nyumba.

Aliona haya, haya halisi, ya kuunguza masikio. Akakunja waridi nyingine.

Glavu zilimshinda kwanza. Karatasi ilichanika kwenye vidole, akarudia, akarudia tena, mpaka akaweka mkono wake mwenyewe juu ya karatasi na kuuzungushia penseli.

Kasisi Thea Lambourn, mama mwenye sauti ya chini na gari lililojaa matope ya parokia sita, alisikiliza habari yote akiwa amesimama jikoni kwa Dorcas na kikombe mkononi. Alikubali taji litundikwe mbele kwa Jumapili tatu, hilo halina ubishi. Kulihamishia ukutani, alisema, ni jambo jingine. Kupigilia msumari mmoja ndani ya kanisa kunahitaji kibali cha dayosisi, na kibali huchukua miezi.

"Msumari upo, Kasisi," Dorcas alisema. "Ulishapigiliwa."

Kasisi Thea alificha tabasamu ndani ya kikombe. Kisha akauliza kuhusu lile swali la zamani, la kumtaka mwenye neno asimame. Ni swali baya, alisema, na yeye kama mwanamke lingemkwama kooni. Je, waliache?

"Uliulize," Dorcas alisema. "Nataka kulijibu."

Jumapili ya kwanza watu walilitazama taji jeupe wakadhani ni mapambo ya sikukuu. Ya pili habari ilikuwa imeshaenea, na wakalitazama kwa namna nyingine. Binamu yake Dorcas alimpigia simu kumwuliza kama amerukwa na akili, kuuvua nguo ukoo mzima hadharani. Mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani, alimwambia. Dorcas alimjibu kwamba nyumba yenyewe ndiyo mambo.

Ijumaa kabla ya Jumapili ya tatu alimwomba Len ngazi. Len alisema ataileta kibarazani, kama kawaida.

Jumapili hiyo walikuja watu arobaini na moja, idadi ambayo Marlcombe haikuiona hata Krismasi. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, na waliokaa nyuma walimwona Len nje kwenye kibaraza, ameegemea ngazi yake, kofia kichwani, akitazama nyasi. Baada ya wimbo wa pili Kasisi Thea alisimama chini ya taji. Alilitaja jina la Tabitha Noyce na umri wake. Kisha, kwa sauti ambayo haikuonyesha kitu, akauliza kama yupo mwenye neno.

Dorcas alisimama. Benchi lililia. Watu waligeuka, na akaelewa kwa mara ya kwanza ilivyo rahisi: unasimama tu, na wote wanakugeukia, na lolote utakalosema litaandikwa.

"Mimi ni Yalden," alisema. "Mara ya mwisho swali hili lilipoulizwa kwa ajili ya msichana huyu, aliyesimama alikuwa wa kwetu. Alisema alichosema, akapewa nyumba. Mimi nalala humo." Alishika mgongo wa benchi la mbele. "Kama Tabitha aliingia zizini au hakuingia, sijui, wala hainihusu, wala haikumhusu Job. Najua tulichofanya sisi. Neno langu ni dhidi yetu. Dhidi yake sina."

Bwana Harbin, katika benchi la tatu, alikuwa ameinamisha kichwa. Mapajani mwake kulikuwa na kurasa zake na kalamu, na kalamu haikuwa na kifuniko. Dorcas aligeukia mlangoni.

"Len," aliita. "Len Noyce. Ingia."

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha ngazi ikasogea, na miguu miwili ya ngazi hiyo ikaingia mlangoni na kugusa jiwe la ndani, kama ilivyofanya mamia ya mara. Kwa mazoea Bwana Harbin aliinuka haraka, akaenda kuipokea. Alinyoosha mikono yote miwili. Len hakuiachia. Walisimama hivyo, huyu ndani, huyu nje, ngazi katikati yao, mpaka Bwana Harbin akaelewa, akashusha mikono na kupisha njia.

Len alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikitazama kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo za watu wa miaka mia nane. Akakivuka.

"Ni ipi?" aliuliza.

Dorcas alionyesha. Ilikuwa karibu na mlango, hatua tatu tu kutoka pale ambapo kila mara alisimama akisubiri ngazi yake irudishwe.

"Basi nishikieni," alisema Len.

Dorcas alishika mguu mmoja wa ngazi, Bwana Harbin akashika wa pili. Kasisi Thea alikuja kutoka mbele na taji mikononi, glavu zake tano zikitikisika, zote zenye vipimo vya mkono wa Dorcas. Len alipanda polepole, akipumzika kila baada ya hatua mbili, kwa maana magoti yalikuwa ya mzee na ukuta ulikuwa mrefu. Alipofika juu hakuomba taji mara moja. Alipapasa kulabu ile, akaondoa utando wa buibui kwa kidole gumba, kisha akauacha mkono wake juu yake, na watu wote chini wakamngoja.